Wakurugenzi Wakuu wa Wodi ya Watoto

Mwaka ule wa 1995, mwezi wa sita, wakati baridi ya Likasi inapowafanya hata walinzi wa lango wavae blanketi juu ya sare, Kampuni ilitangaza neema. Iliamuliwa katika ngazi za juu kabisa kwamba watumishi wote wanaowatuliza watoto waliolazwa hospitalini watapewa Mfumo Kamili wa Mishahara na Marupurupu. Mfumo ungeanza kutumika palepale. Mishahara na marupurupu yangefuata baadaye.

Tangazo lilisomwa uani na Monsieur Cyrille, mkuu wa utumishi, mbele ya kipaza sauti. Umeme wa bwawa la Koni ulikuwa umekatika, kwa hiyo kipaza sauti kilikuwa kimekufa, lakini utaratibu ulidai kwamba tangazo la uzito ule lisomwe kwa kipaza sauti, na Cyrille hakuwa mtu wa kuuchezea utaratibu. Alikishika kwa mkono mmoja, akapiga kelele kando yake. Watu walisikia vizuri tu.

Kampuni yenyewe hatutaitaja. Ilikuwa kampuni ya madini iliyowahi kuwa na kila kitu: treni, shule, uwanja wa tenisi, bendi ya tarumbeta, na hospitali yenye wodi ya watoto iliyopakwa rangi ya samawati. Sasa ilikuwa imebaki na hospitali, basi moja, na vyeo. Shaba ilitoka kwa mbinde. Mshahara nao ulikuja siku ukijisikia, na kila ulipokuja ulikuta bei zimeshakimbia mbele. Watu hawakuulizana tena wamelipwa nini. Waliulizana kama bunga imefika, maana Kampuni ilikuwa na desturi ya tangu zamani ya kuwagawia wafanyakazi wake unga wa mahindi, na mgao huo ndio uliokuwa mshahara wa kweli. Lori lilitoka mpakani Kasumbalesa likiwa limejaa, au halikutoka.

Vyeo, lakini, vilikuwa vizima kabisa, havijapata hata mkwaruzo. Kada, yaani mwenye cheo, alipanda basi kwa mlango wa mbele na kukaa kwenye kiti chenye mto, na basi lilipogoma kuwaka, walioshuka kusukuma ni wale wa chini. Yeye alibaki ameketi akitazama mbele kana kwamba safari inaendelea. Choo cha makada kilikuwa na mlango. Choo cha wengine kilikuwa na matumaini kwamba hakuna atakayepita. Mtu wa Likasi angeweza kukosa unga mwezi mzima bila kusema neno, lakini ukimkalia kiti cha cheo chake utamsikia hadi mtaa wa Panda.

Walengwa wa Mfumo walikuwa wanawake watatu. Katika karatasi waliitwa Wasaidizi wa Utulivu wa Mgonjwa Mdogo. Mji mzima uliwaita ba mama ba michezo. Mkubwa wao alikuwa Mama Mwadi wa mtaa wa Kikula, mjane, mwenye mikono mipana na maneno machache. Wa pili, Colette, alishona wanasesere kwa mabaki ya bandeji na kuvimbisha glavu za daktari zikawa kuku. Wa tatu, Laure, kijana kuliko wote, aliwika kama jogoo vizuri hivi kwamba majirani wa hospitali waliwahi kuja kumdai jogoo wao. Kazi yao ilikuwa kumshika mtoto wakati wa sindano, kumweleza kitakachofuata kabla hakijafuata, na kukaa na wale ambao mama zao wamekwenda mjini kutafuta chakula.

Tangazo lilipokwisha, Mama Mwadi alimsogelea Cyrille.

"Papa Cyrille, tunasikia Mfumo. Bunga iko wapi?"

"Mama, Mfumo kwanza. Bunga itatokea mu Mfumo."

"Itatokea lini? Batoto yangu balilala na chai. Chai yenyewe, majani tu na mayi."

"Mambo iko mu étude, Mama. Sérieusement."

Naye hakudanganya, uchunguzi ulikuwapo kweli. Alikuwa mtu wa bidii, Cyrille, mwenye tai moja ya bluu na viatu alivyovifuta kila asubuhi kwa ganda la ndizi, na aliamini kwa moyo mweupe kwamba jambo likishaainishwa limekwisha kutatuliwa nusu. Tatizo lilikuwa moja tu. Kanuni za Kampuni ziliandikwa kwa ajili ya mgodi na tanuru. Zilipima kila kazi kwa mambo manne: uzito unaobebwa, joto, vumbi na hatari. Mgao wa unga ulikatwa kulingana na hayo. Kwa hiyo Jumatano moja Cyrille aliingia wodini na kalamu, akaketi kwenye kitanda kitupu, akaanza kupima.

Uzito: mtoto mmoja, kilo kumi na kitu, na mara nyingi aliyebebwa alishushwa palepale alipookotwa, kwa hiyo hakukuwa na usafirishaji. Joto: homa. Aliwahi kuhudumu kwenye tanuru la Shituru, akajua joto ni nini. Thelathini na tisa si joto, ni salamu. Vumbi: hakuna, kwa sababu Mama Mwadi alipiga deki mwenyewe, jambo lililompunguzia alama. Kuhusu hatari, Colette alikunja mkono wa blauzi akamwonyesha alama za meno.

"Huyu aliniuma juzi. Huyu, jana. Hii ya hapa sijue hata ni ya nani."

Cyrille alizitazama kwa umakini wa kitaalamu. Akaeleza kwamba kuumwa na mtu chini ya miaka saba hakuhesabiwi kama ajali ya kazi, kwa kuwa meno ya utotoni si kifaa cha kudumu.

Ndipo muuguzi akaingia na sinia ya vifaa. Kitanda cha tatu kililaliwa na Princesse, binti wa miaka sita aliyemwagikiwa na mafuta ya moto mama yake alipokuwa akikaanga mikate ya kuuza, na siku ile bandeji ya paja ilipaswa kubadilishwa. Alipoiona sinia tu, macho yalimtoka. Mama Mwadi aliketi karibu yake, akampa mkono wa kushoto.

"Princesse, minye sikudanganyake. Itauma. Itauma sana, halafu itaacha. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kuniuma, uniume huku. Ule mukono ingine njo wa kazi."

Mtoto alilia kwa sauti yote aliyokuwa nayo, lakini hakurusha mguu, na muuguzi alimaliza kazi yake kwa utulivu. Mwishoni Laure aliwika. Princesse, huku kamasi zikimtiririka, alimwambia kwamba jogoo wa leo ana mafua.

Cyrille alishtuka mno. Miaka yote aliyokaa kwenye ofisi ya utumishi hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba jambo litauma. Aliwaambia ni kwa manufaa yao. Aliandika kwenye karatasi yake kwamba mtumishi anakiri mbele ya mteja kuwa huduma inaumiza, akaomba jambo hilo lichunguzwe. Kisha akajumlisha. Tani zilizozalishwa: hakuna. Mgao unaostahili: kulingana na tani.

Mama Mwadi aliyapokea matokeo hayo akiwa amesimama mlangoni.

"Bon," alisema. "Basi tunaenda ku ziwa ya Tshangalele kununua samaki. Samaki inauzishwaka. Aksanti kwa étude."

Jumatatu hawakuja.

Hapa ni lazima msomaji ajue jambo moja kuhusu jengo. Ofisi za utawala zilikuwa juu ya wodi ya watoto. Hapo zamani zilikuwa na jengo lao lenyewe, la ghorofa, lakini wakati wa vurugu watu walikuja kuchukua madirisha, kesho yake wakarudia milango, na uongozi ukaona busara kuhamia mahali ambako bado kuna vyote viwili. Sakafu ilikuwa ya mbao. Kwa miaka miwili hakuna aliyekumbuka kwamba chini kuna watoto wagonjwa, na hilo peke yake lingetosha kuonyesha kazi ya wale wanawake, kama kungekuwa na safu ya kuliandika.

Kufika saa tatu asubuhi mtoto mmoja alianza kulia. Wa pili akamsikia, akakumbuka maumivu yake. Saa nne wodi nzima ilikuwa ikilia. Sasa, kuanzia saa nne hadi saa sita, Mkurugenzi wa hospitali, Monsieur Germain, alikuwa na kazi aliyoiita tathmini, ambayo aliifanya amelala kwenye kochi na gazeti usoni. Siku ile tathmini ilishindikana. Alimwita Cyrille.

"Cyrille, ile makelele ni ya nini?"

"Ni batoto, Monsieur le Directeur."

"Najua ni batoto! Ju ya nini banalia mu masaa ya kazi?"

"Ba mama ba michezo baliacha kazi. Banaomba bunga."

"Barudishe."

"Na bunga gani, Patron?"

"Nani alisema bunga? Uwape kitu. Kitu yenye haina bei."

Cyrille alirudi mezani kwake akatafakari wakati wote wa chakula cha mchana, ambacho hakikuwapo. Akiba ya Kampuni aliijua kichwani. Unga, hakuna. Mafuta, hakuna. Sabuni, mche mmoja, wa Mkurugenzi. Ila kulikuwa na kitu kimoja kilichojaa ghala kisichopungua hata ukitoa namna gani, hakihitaji lori, hakipitii forodha ya Kasumbalesa, panya hawakili. Alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka. Cheo!

Wiki ileile wale wanawake watatu walipandishwa kuwa Wakuu wa Sehemu. Sherehe ilifanyika uani. Cyrille alisoma, walinzi walipiga makofi. Mama Mwadi alisikiliza hadi mwisho.

"Hii cheo iko na nini ndani?"

"Iko na heshima, Mama. Na kiti ya mbele mu basi."

"Na choo?"

"Choo ya ba cadres, bien sûr."

"Leta ufunguo."

Alipewa ufunguo, na kuanzia siku ile akina mama wote waliokuwa wakiuguza watoto walitumia choo chenye mlango. Wanawake walirudi kazini. Cyrille aliandika taarifa ndefu kueleza kwamba hamasa isiyo ya kifedha imezaa matunda. Ukweli, ambao taarifa haikuwa na nafasi yake, ni kwamba Princesse alikuwa amekataa kufunguliwa bandeji na mtu mwingine yeyote, kidonda kikaanza kunuka, na mama yake alitembea kwa miguu hadi Kikula kumsihi Mama Mwadi. Mama Mwadi aliacha beseni la samaki kwa jirani, akafunga kitambaa kichwani, akaja. Hakukuwa na siri nyingine.

Lakini njaa haina heshima kwa Mkuu wa Sehemu. Baada ya majuma machache wakasimama tena mlangoni kwa Cyrille, wamekonda zaidi, na Cyrille, aliyekwisha kuonja ushindi, akawapandisha kuwa Makamu wa Mkurugenzi. Sasa walikuwa juu yake yeye mwenyewe. Alilijua hilo na alilibeba kwa moyo mkubwa. Asubuhi iliyofuata basi liligoma kwenye kilima, na dereva, aliyekuwa na kanuni zote kichwani, alimwomba Monsieur Cyrille, aliyekuwa sasa chini ya waliokalia viti vya mbele, ashuke kusukuma. Alisukuma. Kupitia kioo cha nyuma aliiona shingo ya Laure, nyembamba kama ya mtoto, imeegemea mto wa kiti cha mbele.

Siku tatu baadaye Laure alianguka.

Cyrille alikuwa akipita koridoni akamwona. Laure alikuwa amembeba mtoto mchanga mwenye nimonia, akimtembeza huku na huku ili alale, na njaa ikamzidi nguvu. Hakumwachia. Alishuka taratibu ukutani, mgongo ukikwaruza ile rangi ya samawati, mikono imemkumbatia mtoto juu ya kifua, hadi akaketi sakafuni. Mtoto hakuamka. Colette alikuja na maji ya sukari. Sukari yenyewe aliiomba kwa mama wa mgonjwa.

"Alikula lini?" Cyrille aliuliza.

"Weye njo unauliza?" alisema Colette.

Tuseme ukweli wote: Cyrille aliona haya. Ilimpanda kutoka tumboni, ambamo namo hamkuwa na kitu tangu jana, ikamfika masikioni. Kwa muda kama wa kuvuta pumzi alikuwa mtu tu, amesimama mbele ya msichana mwenye njaa, na alitaka kufanya jambo. Basi akapanda ngazi mbio, akafanya jambo alilolijua.

"Wakurugenzi Wakuu?" Monsieur Germain aliinua gazeti usoni. "Lakini minye mwenyewe niko Directeur tu. Ba Directeurs Généraux beko ku Lubumbashi."

"Kanuni haikatazi, Patron. Nilisoma yote."

Ilikuwa kweli. Kanuni hazikumkataza mtu kumpandisha mwenzake hadi juu ya kichwa chake mwenyewe, kwa sababu aliyeziandika hakuwahi kufikiri kwamba angetokea mtu wa kufanya hivyo.

"Na haina bei?"

"Haina bei hata kidogo."

"Basi uwape. Bakitaka na bufalme, uwape. Minye niko na tathmini." Akatia sahihi akicheka, gazeti likarudi usoni.

Mwisho wa mwezi wa nane habari ilishuka mjini kama mvua isiyotarajiwa: lori limepita Kasumbalesa. Likasi nzima ilikunjua magunia. Nyumbani kwa Cyrille, mke wake Élisabeth, mwalimu aliyekuwa akifundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja bila kulipwa hata kwa moja, aliweka sufuria kubwa mezani tangu alfajiri.

"Cyrille, batoto beko wanne. Minye sitaki hotuba leo. Leta bunga."

"Weye hunijue? Niko cadre."

Ni lazima pia ieleweke jinsi mgao ulivyoendeshwa. Mara ya mwisho lori lilipofika, Monsieur Germain alitunga kanuni mpya, fupi na nzuri, ya kutangulia zile za uzito na joto. Mwenye cheo cha juu kabisa mahali hapo apewe theluthi ya mzigo, kwa ajili ya wageni rasmi. Kinachobaki kigawiwe kutoka juu kwenda chini hadi kiishe. Aliye juu kabisa mahali hapo alikuwa yeye, na wageni rasmi walikuwa dukani kwa shemeji yake, wakiuza unga huo kwa kopo. Walioko chini walipata vumbi la sakafu ya lori, na mwaka ule vumbi lile liliitwa nusu mgao. Aliyelalamika alijibiwa kwamba kanuni ni kanuni.

Lori liliingia uani likiwa na mkaguzi kutoka makao makuu, Monsieur Jean-Luc, kijana mwenye miwani na mhuri, ambaye alikuwa hajawahi kufika Likasi na hakumjua mtu yeyote kwa sura. Aliwajua watu kwa vyeo. Umati ulijaa hadi nje ya lango: wauguzi, wafagiaji, mafundi, akina mama na watoto wao mgongoni. Kipaza sauti kilikuwa kimekufa kama kawaida. Cyrille alikishika, akafungua orodha ya majina aliyoyapanga mwenyewe kwa unadhifu wake wote, akaanza kusoma.

"Kwa mujibu wa kanuni, wenye cheo cha juu kabisa mahali hapa. Wa kwanza: Mkurugenzi Mkuu, Mama Mwadi. Theluthi moja."

Shingo zikamgeukia Mama Mwadi. Cyrille naye aliyasikia aliyoyasoma, lakini ulimi wake ulikuwa na kasi ya miaka mingi ya kutii karatasi.

"Wa pili: Mkurugenzi Mkuu, Mama Colette. Theluthi moja. Wa tatu: Mkurugenzi Mkuu, Mademoiselle Laure. Theluthi…"

Hapo ndipo hesabu ilipomfika. Jasho lilimtoka mahali ambapo hakujua mtu hutoka jasho.

"Endelea, Monsieur," alisema mkaguzi. "Ya ine ni nani?"

"Ya ine…" Cyrille aliinamia karatasi. "Monsieur Germain, Mkurugenzi."

"Na theluthi ngapi inabaki?"

Cyrille alirudia kuhesabu kwa vidole. Kisha nyuma ya umati mfagiaji mmoja alianza kucheka, na kicheko kikapita lango kikaenda zake barabarani.

Monsieur Germain alishuka ngazi na koti limefungwa vifungo upande. "Makosa! Erreur! Hawa ni ba mama ba kuchezesha batoto! Ile cheo ni ya… ni ya moyo tu!"

Mkaguzi aliifuta miwani yake. "Sahihi ni yako, Monsieur?"

"Ni yangu, lakini…"

"Na kanuni ya theluthi?"

"Yangu vile vile. Basi, nabashusha cheo. Sasa hivi. Cyrille, andika!"

Cyrille, maskini, hakuweza kujizuia. Utaratibu ulikuwa damuni. "Patron, mutumishi anashushwaka tu na mwenye iko juu yake. Kifungu ya tisa."

"Na nani iko juu yabo hapa Likasi?" aliuliza Monsieur Germain.

Cyrille akapekua orodha yake. Juu ya wale wanawake hapakuwa na mtu hadi Lubumbashi, na simu ya Lubumbashi ilikufa kabla ya kipaza sauti. Mkaguzi alifuata macho ya watu hadi kwa Mama Mwadi, akavua kofia, akamwinamia kidogo.

"Madame la Directrice Générale, lori inabidi irudie leo. Unaamuru nini?"

Mama Mwadi alikuwa na ndoo ya deki mkononi. Aliiweka chini.

"Mupakue," alisema. "Mupeleke yote ndani, ku batoto."

Magunia yalipangwa kwenye ukuta wa samawati hadi kwenye madirisha. Mama Mwadi aliwaita Colette na Laure, wakanong'ona kidogo kati ya vitanda, wakatoka na uamuzi. Mgao utafuata kanuni ileile ya Monsieur Germain, ili wasiidharau kazi ya mtu. Ila utaanzia chini kwenda juu, hadi uishe. Wa kwanza kabisa walikuwa watoto wa wodi, ambao hawakuwa na cheo chochote. Chungu kikubwa cha uji kiliwekwa motoni mle mle jikoni mwa hospitali, ambako moto ulikuwa haujawashwa tangu Pasaka. Walifuata mama zao. Akafuata mfagiaji aliyecheka. Wakaja wapishi, walinzi, wauguzi, dereva wa basi, mafundi, mlinzi wa mochwari, makarani. Colette alipima kwa kopo, na kila mtu akamwona anavyolisawazisha kwa kiganja. Laure aliita majina, na kila baada ya majina machache alijilamba unga kwenye kidole. Princesse, ambaye sasa alitembea akiburuta mguu mmoja, aliwaongoza watu mlangoni na kuwakemea waliorudi mara ya pili.

Ilikwenda hivyo hadi jioni, gunia kwa gunia, ngazi kwa ngazi. Mgao uliwamaliza makarani wakuu. Ukamfikia Monsieur Cyrille, aliyesimama kwenye foleni na tai yake ya bluu na mfuko uliokunjwa vizuri, na nyuma yake Monsieur Germain, ambaye hakuwahi kusimama kwenye foleni na hakujua mikono iwekwe wapi.

Colette aligeuza gunia la mwisho, akalikung'uta.

Mama Mwadi alimtazama Cyrille, si kwa ubaya.

"Papa Cyrille, ilikwisha."

"Ilikwisha yote?"

"Yote. Unaona mwenyewe."

"Mama, niko na batoto wanne." Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyozoea. Hapakuwa na kipaza sauti cha kusimama kando yake.

"Najua. Njo maana hatukukusahau. Tulifanya réunion." Akawageukia wenzake, wakaitikia kwa vichwa. "Ju ya kazi yote ulitufanyia, kuanzia leo uko Mshauri Mkuu wa Kwanza wa Wakurugenzi Wakuu. Félicitations."

Laure alianza makofi. Akina mama wakapokea, kisha watoto, waliosimama vitandani na midomo meupe kwa uji, wakapiga makofi bila kujua ni ya nini, wakifurahia kelele. Monsieur Germain aligeuka akaondoka bila kungoja cha kwake. Lakini Cyrille, tutafanya nini, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye tai, ukainyoosha.

"Aksanti, Mama," alisema.

Alitembea hadi nyumbani. Sufuria ilikuwa motoni, maji yanachemka na kuinua kifuniko, watoto wanne wamekaa kwa kufuata ukubwa, na Élisabeth amesimama na mwiko mkononi. Aliutazama mfuko. Ulikuwa bado umekunjwa.

"Bunga iko wapi?"

"Élisabeth, sikiliza kwanza." Alivuta pumzi, akasimama wima. "Balinipandisha cheo."

Élisabeth hakupiga kelele. Alifunua sufuria, akasogea pembeni kumpisha.

"Basi uitie mu mayi, Mshauri. Minye nitasonga."